Went sio mtoto wa go

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma na nimecheka kidogo, usinune. Eti umeandika goed, ticha akakupiga ekisi. Maksi hairudi hiyo, ila swali lako kwamba went imetoka wapi wakati haifanani hata chembe na go ni swali zuri sana, sisi tulikaririshwa tu go, went, gone kama wimbo na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza.

Sasa ni hivi, went ni mtoto wa kuasili. Mzazi wake ni neno lingine kabisa, wend, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kugeuka, baadaye likawa kushika njia, kwenda. Wend ikatoa went kama send inavyotoa sent na bend inavyotoa bent, umeona? Na go yenyewe, Waingereza wa miaka elfu moja iliyopita walikuwa wanasema gan, na ya jana yake ilikuwa eode, yaani hata hiyo haikufanana! Eode ikachakaa taratibu, kufika miaka ya 1500 hivi huko Uingereza eode imeshasahaulika na went imehamia kwa go moja kwa moja. Wend ikaachwa haina chake, ikabidi itengenezewe wended, na siku hizi utaikuta vitabuni tu huko. Halafu Waskoti bwana, wao walifanya kama wewe, wakasema gaed, hiyo ni goed yako kasoro matamshi tu. Ungezaliwa kwao ungepata vema.

Na usidhani sisi tumenyooka. Ukimuita mdogo wako unasema njoo, mbona husemi ja, si kitenzi ni kuja? Ulianza kusema njoo hata meno hayajaota yote, nani alikufundisha kanuni? Mi naona ndo maana maneno ya hivi hayanyooshwi, yanasemwa kutwa nzima, mtoto anayadaka mdomoni mwa mama yake kabla hajajua kuna kitu kinaitwa sarufi.

Kwenye mtihani andika went, usianze kubishana na ticha mambo ya Waskoti, utaniitisha shule bure. Ukipata nafasi iangalie na be, ile am, was, been, humo yamekutana maneno matatu ya asili tofauti yakajifanya moja. Hela ya madaftari nimeshamtumia matroni, mwambie akupe yote.

Baba