Mstari, mwale na kipande: tuwekane sawa kabla ya zoezi la kesho

Habari za jioni ndugu zangu. Nimepitia majibu yenu yote ya swali la vipande vingapi vinapatikana kwenye mstari wenye nukta nne, na kinachowachanganya wengi ni kujua kitu kinaishia wapi.

Mstari mnyoofu hauna mwisho upande wowote, ndiyo maana tunauchora na mishale miwili na wala hatuupimi urefu. Kipande cha mstari kina ncha mbili, kwa hiyo kinapimika kwa rula, na kipande AB ni kilekile BA.

Mwale ndio wenye mtego. Unaanzia kwenye nukta moja na kwenda upande mmoja bila kikomo, kama mwanga wa tochi. Herufi ya kwanza siku zote ni ya pale unapoanzia. Mwale AB unaanzia A ukapita B. Mwale BA unaanzia B ukapita A. Hiyo ni miale miwili tofauti, japo yote imelala juu ya mstari mmoja, na sehemu inayochangiwa na yote miwili ni kipande AB tu. Jambo hili nalipenda sana, hebu lichoreni mjionee.

Sasa choreni mstari, wekeni nukta A, B, C na D kwa mpangilio huo. Vipande ni 6: AB, AC, AD, BC, BD na CD. Wengi mliandika 3 kwa sababu mlihesabu nukta zinazopakana tu.

Swali la leo: mwale AB, mwale AC na mwale AD ni mitatu, au ni mmoja? Tumeni picha ya mchoro pamoja na sababu, tafadhali, si jibu la neno moja.