Bandama ya kulia ni ya nani?

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwasumbua kwa barua, ila makala yenu ya viungo visivyo na jozi imenishinda kuinyamazia. Eti vya muhimu vimewekwa viwili ili kimoja kiwe cha akiba, na kiungo kilicho kimoja kikitoka, mwenyewe hana lake tena.

Mimi sina bandama. Ilipasuka katika ajali, madaktari wakaitoa, na bado nadunda. Sisemi haina kazi: huchuja damu, huondoa chembe nyekundu zilizochakaa na hupambana na vijidudu, ndiyo maana sisi tusio nayo hupewa chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo, wala hatufanyi mzaha na homa. Tena wapo watu, angalau 1 kati ya 10, wenye kijibandama cha ziada pembeni bila kujijua. Hao mtawaweka fungu gani? Ini nalo ni moja, lakini mtu mzima wa afya anaweza kummegea mgonjwa kipande, na linalobaki likakua tena. Na hivyo mnavyoviita vya peke yake, vingi vilianza viwili: moyo ulikuwa mirija miwili iliyoungana katika wiki za mwanzo za mimba, mfupa wa paji la uso mtoto huzaliwa nao vipande viwili, na mji wa mimba usipoungana vizuri mwanamke huweza kuzaliwa na miwili.

Picha yenu ndiyo iliyonipandisha presha. Ini, ambalo hukaa kulia, mmelichora kushoto kwa mtu! Mchoraji amesahau kwamba huyo aliyemchora anamtazama usoni, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko kushoto mwa ukurasa. Wapo kweli watu ambao viungo vyao vimekaa kinyume, kama 1 kati ya 10,000, lakini kama ndiye mliyemkusudia, basi na moyo ungehamia kulia. Ninyi mmeuacha kushoto, tena karibu na kwapa.

Mkidhani haya ni madogo, nisikilizeni. Nilikwenda kupigwa picha ya tumbo, kijana wa mapokezi akaniuliza, "Bandama ya kulia au ya kushoto?" Nikamwambia bandama ni moja, na yangu ilishatolewa. Akanigeuzia kompyuta nijionee: fomu haisogei mpaka uchague upande, na sehemu ya kuandika "hakuna" haipo. Akabonyeza "kulia" ili foleni iende. Ripoti ikarudi imeandikwa kwamba bandama ya kulia haikuonekana. Daktari akaisoma kwa sauti, akanitazama, akaisoma tena. Ya kushoto nadhani wanaitafuta mpaka leo.

Halafu chini ya makala hiyo hiyo mmepanga tangazo la dawa ya kusafisha ini. Ini ndilo linalosafisha damu, Mhariri. Anayelipaka matope ni nani?

Pendekezo langu ni dogo. Mfungeni mchoraji wenu utepe mwekundu mkono wa kulia, mfungeni na mwandishi vivyo hivyo, wasimame wakitazamana, na asiondoke mtu mpaka wakubaliane ini la mwenzake liko upande gani. Utepe nitanunua mimi.

Msomaji wa siku nyingi