Ile 645 si yangu

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Hujambo? Mama hajambo, na mguu wake? Sisi wazima. Jana nilikupigia mara mbili nikakata kabla hujapokea, maana jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo wewe utacheka na mimi nitalia. Ndiyo nakuandikia.

Unakumbuka ile alama yangu ya 645 ya jaribio la GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya biashara, niliyokutumia ukanijibu kwa vigelegele? Si yangu ile. Yaani ni yangu, ila ya wizi.

Iko hivi. Wenye GMAT wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure, na ndiyo inayofanana na mtihani wenyewe: kompyuta inakupima huku unajibu, ukipata inakukazia, ukikosa inakulegezea. Miwili tu. Mwenye akili zake anaitunza. Mimi wa kwanza niliufungua Februari, sijasoma hata ukurasa mmoja, eti nione tu ulivyo. Nikapata 525. Nikanuna wiki nzima, kisha nikaurudia uleule. Maswali mengine yakaja yaleyale, majibu nayakumbuka! Kwenye hesabu nikawa nasimamisha saa, naenda kumwogesha Tunu, narudi jibu nimeshalipata bafuni. Hapo ndipo ilipotoka 645. Nikamwonyesha shemeji, na shemeji unamjua. Kufika Ijumaa Mama Zawadi wa gengeni ananiuliza naondoka lini kwenda Ufaransa. Ufaransa, mwenzangu! Hata fomu za INSEAD, hicho chuo cha biashara cha huko, sijajaza.

Sasa juzi usiku nimekaa na lile jaribio la Februari, lile la 525, nikapitia swali moja moja na daftari pembeni. Nilidhani nitakuta mambo nisiyoyajua. Wapi! Mengi ni kiherehere. Kuna la namna hii: je, x ni namba chanya? Unapewa kwamba kipeo cha pili cha x ni 9, useme kama taarifa hiyo inatosha. Mimi mbio nimejibu inatosha, x ni 3. Hasi 3 nilimwacha wapi? Yaani Mwalimu wetu wa Kidato cha Pili angenichapa. Na maswali manne ya mwisho ya hesabu sikuyafikia kabisa, ilhali ukiacha kitu wazi wanakukata. Ni maswali 21 kwa dakika 45, bila kalkuleta (wanakupa kwenye sehemu ya data peke yake), nami nilikaa dakika sita kwenye swali moja la matangi ya maji kwa sababu lilinikera.

Haya yote 645 ilinificha. Ndiyo maana inaniuma. 525 ilinitukana, lakini ilikuwa inanieleza kitu.

Umebaki ule wa pili, sijaugusa. Mtihani wenyewe ni tarehe 20 mwezi ujao, na ada nimeshalipa, kwa dola. Nataka niufanye kama siku yenyewe, na kwangu haiwezekani: Tunu, redio ya jirani, na yule fundi wa mageti anayeanza kuchomelea saa mbili. Nikaribishe Jumamosi kile chumba cha uani. Naanza saa tatu kamili, saa tano na nusu nimemaliza. Simu unakaa nayo wewe. Hata nikigonga mlango nikasema Tunu ana homa, usinipe. Hapana, akiwa na homa kweli nipe. Mapumziko ni dakika 10 mara moja tu, kwa hiyo mama asije na chai na vitumbua; chai ya mama haijawahi kuisha kwa dakika 10. Vitumbua aniwekee.

Nikipata 545, basi ni 545, nitajua pa kuanzia.

Jumamosi mpo? Kile chumba bado kina meza, au mmewapa kuku? Wajomba wa Tanga wameshaondoka? Intaneti yenu inakaa asubuhi? Nije na Tunu ucheze naye, au nimwache kwa wifi? Na shemeji je, nimwambie sasa, au nisubiri matokeo? Wewe ungekuwa mimi, Mama Zawadi ungemwambia nini?

Nijibu leo leo, kabla kiherehere hakijanipanda nikaufungua usiku.

Wako,
Mama Tunu