Kliniki za chanjo zimulike mboni za watoto

Mhariri,

Mtoto akipelekwa chanjo ya wiki sita hapa Tabora hupimwa uzito, huchomwa sindano na kadi yake hujazwa. Naomba iongezwe kazi ya dakika mbili tu: kumulika mboni.

Chumba kifanywe kuwa na giza kidogo, mama ampakate mtoto, na mhudumu asimame umbali wa mkono mmoja, atazame mboni zote mbili kwa pamoja kupitia ofthalmoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya jicho. Tochi ya kawaida haisaidii, kwa sababu mwanga unapaswa kuingia na kurudi katika mstari uleule wa jicho la anayetazama. Mboni yenye afya hung'aa wekundu au rangi ya chungwa. Kwa watoto wetu weusi mng'ao huo huwa hafifu kuliko ule wa picha za vitabuni, kwa hiyo usihangaike na wekundu. Angalia kama macho mawili yanafanana. Jicho lolote likiwa na weupe, doa, au lisipong'aa kabisa, mtoto apewe rufaa.

Weupe huo huweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, ambao katika familia nyingine hurithiwa. Huo unataka upasuaji mapema, katika wiki za mwanzo, la sivyo ubongo haujifunzi kuona hata jicho likisafishwa baadaye. Huweza pia kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, wengi wao wakiwa chini ya miaka 5. Hii haiumi mwanzoni. Mtoto hucheza na kula vizuri, na mzazi huona tu jicho likimeta kama la paka usiku, au likienda upande. Makengeza mapya si jambo la kusubiri akue.

Takriban visa 4 kati ya 10 vya saratani hii ni vya kurithika. Jibu la “kwetu hakuna” halitoshi, kwa sababu mara nyingi hitilafu ya kinasaba huanza kwa mtoto huyohuyo. Wadogo na wakubwa zake nao wachunguzwe, na mwenye hitilafu hiyo akija kuzaa, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi.

Dalili nyingine husifiwa badala ya kutiliwa shaka: macho makubwa. Kioo cha jicho cha mtoto mchanga, yaani sehemu angavu ya mbele inayofunika mboni, kina upana wa takriban milimita 10. Kikizidi 12 kabla ya mwaka mmoja, huku macho yakitoa machozi na kukimbia mwanga, hiyo ni presha ya macho, si uzuri, na tone la dawa ya duka haliigusi.

Mwenye ualbino huonekana mapema kwa macho yanayochezacheza. Huyo anahitaji kofia, miwani na dawati la mbele. Macho ya manjano yanayorudirudi kwa mtoto yaombewe kipimo cha sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa damu.

Kwa wenzangu wanaojaza fomu za rufaa kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu: msiandike “tatizo la macho”. Andikeni “mboni nyeupe, jicho la kulia, haraka”, pamoja na tarehe ilipoonekana, ili mtoto asipangwe foleni ya miwani wakati anapaswa kupelekwa hospitali kubwa za Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi.

Muuguzi wa macho,
Tabora