Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Mfuko wa Hasara na Uharibifu: wafungulie wakulima wa Andes dirisha la ruzuku ndogo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Nakuandikia wewe unayeongoza Mfuko wa kusaidia nchi zinazoendelea zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Niko Njombe, ninakolima viazi mviringo. Asili ya zao hili ni milima ya Andes, ndiyo maana habari za Waquechua wa Peru, watu wa asili wa milima hiyo, hazinipiti hivi hivi.

Kila ifikapo mwishoni mwa Juni, alfajiri, wakulima wa Kiquechua hupanda kilimani kutazama nyota tunazoziita Kilimia. Wao huziita Qullqa, yaani ghala. Ziking'aa, mvua itawahi. Zikififia, wanachelewesha kupanda viazi. Mwaka 2000 wanasayansi walieleza kuwa katika miaka ya El Niño mawingu membamba ya juu sana ndiyo yanayozififisha, na miaka hiyo mvua kule kwao, tofauti na kwetu, huwa haba kweli. Wazee wetu nao walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hawa si watu wa kufundishwa hali ya hewa.

Lakini ujuzi huo umeanza kuzidiwa. Msimu wa 2022 kuingia 2023 mvua za kupandia zilikosekana kusini mwa Andes, hadi serikali ikatangaza hali ya dharura. Pasipo mawingu, usiku wa kule kwenye mita 4,000 hugandisha umande, na asubuhi majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Joto nalo linaupandisha ugonjwa wa bakajani mlimani, mkulima anaukimbia kwa kuhamisha shamba juu zaidi. Juu ya hapo ni mawe.

Kuna chuño, akiba yao, kama makopa ya muhogo kwetu. Juni na Julai viazi vidogo hutandazwa nje vigande usiku. Asubuhi watu huvikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yatoke, kisha jua huvikausha. Hukaa ghalani miaka. Baridi hiyo isipokuja kwa wakati wake, vinaoza pale pale majanini, na mwaka wa ukame unawakuta hawana akiba.

Karibu na Pisac, mkoani Cusco, jamii za Kiquechua zinatunza pamoja aina zaidi ya elfu moja za viazi. Mwaka 2015 zilipeleka mbegu zao kwenye ghala la mbegu la dunia lililoko Svalbard, Norway. Zimetuwekea akiba sisi sote, Mheshimiwa, mimi wa Njombe nikiwemo.

Sasa ombi langu. Bodi yenu ilipokutana Barbados mwaka 2025 ilitenga dola milioni 250 za kuanzia, kwa maombi ya dola milioni 5 hadi 20. Kijiji gani cha mlimani kitaandika ombi la milioni 5? Wanachohitaji ni kuzibua mifereji ya kale inayozamisha maji ya mvua ardhini ili chemchemi za chini zisikauke, na kujenga kingo za qocha, yale madimbwi ya kuhifadhi mvua. Kazi ya mikono, mawe na saruji kidogo.

Waraka ulioanzisha Mfuko unataja ruzuku ndogo kwa jamii na watu wa asili. Naomba dirisha hilo lifunguliwe, fomu zipatikane kwa Kiquechua, na fedha ziende kwenye mkutano wa kijiji wenyewe bila kupitia wizarani kwanza. Naomba iwe kabla ya Juni ijayo, watakapopanda tena kilimani kuitazama Qullqa.

Wako katika kilimo,
Mkulima wa viazi, Njombe