Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha muziki,

Nawashukuru nyinyi 19 mliofika. Daftari lina majina 64. Mkutano ulitangazwa wa saa 4 asubuhi na tumeanza saa 6 na nusu, kwa kusubiri akidi ambayo hata hivyo haikutimia.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulikuwa na vikao 9 vya kusikiliza panki, ule muziki wa roki wa kasi na makelele: bendi za Big Joanie na Nova Twins wa London, Linda Lindas wa Los Angeles, na Jumamosi nzima ya Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex ya Uingereza, ambaye wengi wenu hamkujua kuwa baba yake alikuwa Msomali. (Wazo hilo lilikuwa langu, ingawa kumbukumbu za kamati zinasema ni la wote.) Darasa la dramu kwa wasichana liliendelea. Amplifaya ilitengenezwa mara mbili.

Sasa tamasha la Agosti, maana najua ndilo lililowaleta hata hao 19.

Niliamua kwamba mbele ya jukwaa wasimame wanawake. Ni kweli kamati haikuketi, muda haukutosha. Lakini jambo hili sikulizua mimi. Kathleen Hanna, mwimbaji wa bendi ya panki ya Marekani, Bikini Kill, alikuwa akiwaita wasichana waje mbele tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa mbele ya jukwaa la panki palikuwa pa vikumbo na viwiko, na msichana aliyelipa kiingilio kilekile aliishia kubanwa ukutani. Kwetu mwaka juzi si ilikuwa hivyohivyo? Binti mmoja alitoka na mdomo uliopasuka. Sikusikia mtu akidai mkutano wa dharura.

Wanaume 7 walitaka warudishiwe kiingilio, na walirudishiwa. Mmoja aliniuliza mbele za watu kama hiki ni chama cha muziki au ni unyago. Nilimjibu palepale, na kwa maneno niliyotumia nimekwisha kuomba radhi kwa maandishi. Kwa uamuzi wenyewe siombi. Wasichana 4 waliosimama mbele siku ile walikuja wiki iliyofuata kujiandikisha darasa la dramu. Watatu kati yao wameunda bendi, wanatunga wenyewe, na hawajaniomba ushauri hata siku moja, jambo ambalo nimelipokea.

Na mnaosema watoto hawa bado wadogo: Linda Lindas walipopiga katika maktaba ya umma ya Los Angeles mwaka 2021, mpiga dramu wao alikuwa na miaka 10.

Fedha. Mapato shilingi 4,310,000, matumizi 4,085,000, salio 225,000. Wanachama 41 hawajalipa ada ya 20,000, yaani 820,000 ziko mifukoni mwenu. Nimepitia orodha hiyo usiku kucha: waliopiga kelele zaidi kuhusu bei ya amplifaya wamo karibu wote. Majina ninayo, leo sitayasoma.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi wetu na pengine kurekodi kitu. Mazungumzo yanaendelea.

Kuhusu uchaguzi, nagombea tena. Fomu ziko kwa katibu, na haruhusiwi kuchukua asiyelipa ada.

Mwenyekiti