Barua kwa mwanangu aliyeko Mwanza

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa mama yako na goti lake. Ulipopiga juzi mtandao ulikuwa unakatakata, nikaambulia furaha yako kuliko maneno, ndiyo maana naandika. Nilichoelewa: unataka kuacha kazi ya kudumu hapo Mwanza uende Nairobi kwa mkataba wa mwaka mmoja, mshahara karibu mara mbili. Na rafiki yako naye anakuvuta Kigali.

Kigali nimeipendea jambo moja. Tangu Januari 2023 kazi inaanza saa tatu asubuhi, na wiki ni saa 40, wakati sheria yetu inafika 45. Ila nasikia kule saa tatu ni saa tatu kweli. Na wewe na usingizi wako!

Ya Nairobi ndiyo yaliyoninyima usingizi mimi. Umenitajia siku 15 za malipo kwa kila mwaka, na ni kweli, sheria yao ya ajira ya 2007 inasema hivyo kwa anayepunguzwa kazini. Kwetu, ile ya 2004, ni siku 7, tena mwisho miaka 10. Lakini wewe unakwenda kwa mkataba wa mwaka. Ukiisha umeisha, hakuna aliyekupunguza. Sasa hizo 15 atalipwa nani?

Mimi nilikaa kwenye ghala moja hapa mjini miaka minane, mikataba ya miezi mitatu mitatu. Bosi ananishika bega: "Wewe ni wetu, karatasi ya nini?" Siku moja mitatu ikaisha, akasema nisubiri kidogo. Nikasubiri. Kila Jumatatu navaa lile shati la bluu, nakwenda kukaa kwenye benchi la mlinzi, mchana narudi. Mama yako alikuwa analipiga pasi bila kusema neno. Nilipozinduka kwenda kulalamika, siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa zilikuwa zimeshapita. Ile bahasha ya kaki niliyotunzia mikataba hiyo bado iko kwenye sanduku la bati, mchwa wamekula pembe moja.

Sikukatazi. Ningekuwa na umri wako ningekuwa nimeshapanda basi. Nipigie picha tu ukurasa wa muda wa mkataba, na ule wa kuuvunja. Muda wa majaribio kule wanaweza kukutoa kwa notisi ya siku 7. Waulize pia kibali cha kazi analipia nani, maana kinatoka kwa jina la mwajiri, ukikosana naye huwezi kuvuka barabara ukaingia kwa jirani yake. Na hapo Mwanza usiandike notisi yako ya siku 28 kabla hujashika mkataba wenye sahihi zao.

Dagaa wamekauka vizuri safari hii, mvua haikuwagusa. Nampa dereva wa basi la Ijumaa. Mpokee mwenyewe stendi, mara ya mwisho ndoo ilifika nusu.

Baba yako